Kisu cha babu kilichopotea: nitakitambuaje bila picha wala jina?

Swali: Nilipokuwa na miaka minane babu alinipa kisu cha kukunja alichokuwa akitembea nacho siku zote. Kilikuwa cheusi, chembamba, mpini wake wa bati, na ubavuni kulikuwa na mnyama. Mimi nadhani ni simba, dada yangu anasema mbwa. Kilikuwa kikubwa, nilikishika kwa mikono miwili. Nakumbuka pia kilikuwa kinagoma kukunjika mpaka ubonyeze kidude mgongoni. Nilikipoteza kwenye majani marefu mwaka huohuo, na babu akafariki bila mimi kumwambia. Nimetazama mamia ya picha mtandaoni, na sasa hata sijui ninachokikumbuka ni kipi. Kuna njia ya kujua kilikuwa kisu gani?

Jibu: Ipo, dada. Na jambo lenye thamani kuliko yote umelitaja katikati ya barua kana kwamba halina uzito: kisu kiligoma kukunjika mpaka ubonyeze kidude mgongoni. Nitarudi hapo. Kwanza nakuomba kitu kimoja, na najua ni kigumu kwa mtu mwenye hamu kama yako. Kuanzia leo usitazame picha nyingine hata moja mpaka umalize nitakayokueleza.

Sababu ni hii. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za ajali ya magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Baadhi waliulizwa kwa neno lenye maana ya "yalipogongana", wengine kwa neno lenye maana ya "yalipopondana". Wiki moja baadaye wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Hapakuwa na kioo chochote kilichovunjika kwenye filamu, lakini kati ya 50 waliosikia "yalipopondana", 16 walisema wameviona. Kati ya 50 wa "yalipogongana" walikuwa 7. Neno moja tu ndani ya swali liliweza kufanya hivyo, na wewe umejimwagia mamia ya picha. Kuchanganyikiwa kwako si udhaifu wa akili. Ndivyo kumbukumbu ya mtu yeyote inavyofanya ikichokonolewa sana.

Kwa hiyo chukua karatasi na penseli, ukae peke yako. Chora kisu kwa ukubwa ule unaoukumbuka, kikiwa kimekunjwa na kikiwa wazi. Unachokijua kwa hakika kichore kwa mstari mzito, unachokihisi tu kichore kwa vitone. Kisha fumba macho, shika kitu chochote chembamba kama kitana, ufanye mikono yako irudie ilichokuwa ikifanya: kukitoa, kukifungua, kukifunga. Angalia ni kidole gani kinakwenda wapi. Naamini sana kumbukumbu ya vidole, kuliko ile ya macho. Rangi hubadilika kichwani, mnyama hugeuka mnyama mwingine, lakini kidole gumba kilichozoea kubonyeza mahali fulani mara mia huwa hakisahau.

Kuna mzee aliyewahi kunijia akitafuta kisu cha marehemu mama yake. Alikuwa na hakika mpini ulikuwa wa pembe ya ndovu, na alikuwa ametafuta kwa miaka vile vya pembe bila kukiona. Nilimuuliza kilikuwa kinanukaje. Akacheka kwanza, halafu akanyamaza, halafu akasema: ukikisugua kiganjani kilikuwa kinanuka kafuri. Tukawa tumefika. Seluloidi, ile plastiki ya zamani iliyotumika kuiga pembe na gamba la kasa, hutengenezwa kwa kuchanganya kafuri, na ikipata joto la mkono harufu hiyo hutoka. Alikuwa akitafuta pembe kumbe kisu chake kilikuwa cha seluloidi, na mama yake hakuwahi kumwambia vingine. Ukiikumbuka harufu yoyote, iandike hata kama unaona haina maana.

Sasa turudi kwenye kidude. Visu vya kukunja vinatofautiana sana katika namna vinavyojizuia visikunjike, na hapo ndipo mtu anapoweza kuvichuja haraka kuliko kwa rangi au nembo. Vingi sana havina kizuizi chochote. Ndani ya mpini mna springi inayousukuma ubapa, ukiulazimisha kidogo unarudi ndani. Visu vingi vya zamani vya Sheffield, mji wa Uingereza, viko hivyo, na hata vile vyekundu vya Uswisi vya mfukoni, isipokuwa vile vikubwa. Kisu cha namna hiyo hakigomi, kwa hiyo vyote hivyo viweke kando. Opinel ya Ufaransa, yenye mpini wa mti wa mviringo, ina pete ya chuma shingoni inayozungushwa ili kufunga. Pete hiyo iliongezwa mwaka 1955, kabla ya hapo haikuwapo. Lakini pete huzungushwa, haibonyezwi, na wewe umesema bati. Okapi, kisu kilichoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa Afrika na baadaye kikahamia Afrika Kusini, kina mpini wa mbao wenye vipande vya chuma vya umbo la nyota na mwezi, na mgongoni kina pete ambayo *unaivuta juu*. Kikifunguliwa kinalia meno kwa meno, krr-krr-krr, na aliyewahi kukishika hawezi kuusahau mlio huo. Usingeandika "kidude", ungeandika "pete", na ungetaja mlio.

Vipo vya kubonyeza. Buck 110 ya Marekani, iliyotoka mwaka 1964, inabonyezwa mgongoni, lakini pale unapobonyeza ni bonde lililo sawa na mgongo wenyewe. Kidole kinazama ndani, hakikuti kitu kilichochomoza. Halafu kisu hicho ni kizito, mpini wake una mbao na vipande vya shaba nyeupe au ya njano kwenye ncha zote mbili. Mtoto wa miaka minane asingekiita chembamba hata siku moja.

Kwa hiyo tunabaki na kisu chembamba, mpini wa bati, cheusi, chenye kitu *kinachochomoza* mgongoni ambacho lazima ukibonyeze ndipo kikunjike, na mnyama ubavuni. Jina la kwanza linalonijia, na sijajizuia kulitamka kwa sauti niliposoma barua yako, ni Mercator K55K wa Solingen, Ujerumani.

Ninacho kimoja hapa mezani, nikueleze ninavyokiona. Mpini ni bati moja la chuma lililokunjwa likakutana na nafsi yake kama bahasha ndefu, likapakwa rangi nyeusi. Kwenye kingo na pale vidole vinapokaa rangi imekwisha, chuma cha kijivu kinaonekana, kimelainika kama kokoto ya mtoni. Ubavuni amegongwa paka anayeruka, mwili umenyooka, mkia nyuma, na chini yake herufi na tarakimu: K55K. Kwenye cha kwangu rangi ya paka imechakaa kiasi kwamba kichwa chake hakijulikani kama kina masikio. Mtu akinionyesha kwa umbali wa mkono na kuniambia ni simba, sina la kubisha. Akiniambia mbwa, vilevile. Mgongoni kuna ulimi mdogo wa chuma uliochomoza. Kwenye kitako kuna kitanzi cha kupitisha kamba. Nikifungua ubapa unatoa mlio mmoja mkavu, *tak*, na kuanzia hapo hata nikiugonga kwa kiganja hausogei mpaka dole gumba likandamize ule ulimi.

Hukutaja kitanzi. Sitaki kukuuliza kama kilikuwapo, kwa sababu nimeshakitaja na sasa unakiona. Hilo ni kosa la kwangu, nimelifanya kwa sababu sikuona namna ya kukieleza kisu bila kukitaja. Muulize dada yako kabla hajasoma haya: "Babu alikuwa anakibebaje?" Akijibu mwenyewe kwamba kilikuwa kimefungwa kamba au kinaning'inia, hilo lina uzito mkubwa. Akisema mfukoni tu, haliharibu kitu.

Kuhusu ukubwa. Umesema kilikuwa kikubwa mpaka unakishika kwa mikono miwili, na nina uhakika umekuwa ukitafuta visu vikubwa. Kiganja cha mtoto wa miaka minane kina upana wa sentimita sita hivi. Viganja viwili vikipangana vinafika kumi na mbili. Mercator ikikunjwa ina sentimita kumi na moja hivi, na ubapa wake ni kama tisa. Yaani kisu kilichojaza mikono yako miwili leo ungekishika kwa mkono mmoja tu. Hili huwapoteza watu kuliko jambo lingine lolote. Wanakipita kisu chao wenyewe kwenye picha kwa sababu wanasema "hapana, changu kilikuwa kikubwa zaidi". Mikono ndiyo iliyokua, dada.

Wajibu wangu ni kukuwekea pia wapinzani, maana kujiaminisha mapema ni hatari. Mpinzani wa kwanza ni Douk-Douk, kutoka mji wa Thiers, Ufaransa, kinachotengenezwa tangu mwaka 1929. Nacho kina mpini wa bati la chuma lililokunjwa, chembamba kabisa, na ubavuni kuna sanamu ya kiumbe wa imani za visiwa vya Pasifiki, mwenye vazi lililotanda. Ana ndugu wengine kutoka karakana hiyohiyo, mmoja ana picha ya kindi. Mtoto akiona kindi anaweza kukua akisema mbwa. Lakini visu hivi havina kidude cha kubonyeza. Vina springi ngumu sana, na hiyo ndiyo breki yao. Kama ulichokikumbuka ni ugumu wa kukunja peke yake, ningekuwa na wasiwasi. Wewe umekumbuka kubonyeza.

Mpinzani wa pili ananisumbua zaidi. Ni higonokami, kisu cha Japani kinachohusishwa na mji wa Miki tangu mwisho wa karne ya 19. Mpini wake ni bati lililokunjwa, shaba au chuma, wakati mwingine cheusi, na mgongoni kweli kuna kitu kinachochomoza. Watoto wa shule wa Japani walikichongea penseli kwa miongo mingi. Tofauti ni kwamba kile kilichochomoza ni mkia wa ubapa wenyewe. Kisu kikiwa kimekunjwa mkia unasimama juu, unausukuma kwa dole gumba ili kifunguke, kisha unaukalia kwa dole hilohilo wakati wa kukata. Hakuna springi wala kufuli. Ukiliondoa dole hilo, ubapa unaweza kurudi. Na ubavuni kwa kawaida kuna maandishi ya Kijapani, si mnyama.

Kwa hiyo swali langu kwako ni moja, na nataka ulijibu kwa mikono yako huku macho umefumba: ulikuwa unabonyeza wakati wa *kufungua* au wakati wa *kufunga*? Barua yako inasema kufunga. Kama mikono nayo inasema hivyo, higonokami ametoka.

Mnyama nimemwacha mwisho makusudi. Watu huanza na mnyama, na wanapotea hapo. Wahunzi wa visu wamependa wanyama tangu zamani kwa sababu hata asiyejua kusoma angeitambua bidhaa na kuirudia. Puma ni wa Solingen, korongo wawili wanaobusiana ni wa Solingen, na visu vya Laguiole vya Ufaransa vina mdudu kichwani mwa springi ambaye wengine humwita nyuki na wengine nzi. Tena Laguiole ni jina la kijiji lililogeuka jina la mtindo, wala si kampuni moja, na vingi vimetengenezwa Thiers. Kwa hiyo mnyama peke yake hakupeleki popote. Mnyama *pamoja na* bati jeusi *pamoja na* ulimi wa kubonyeza ndiyo habari.

Ukishamaliza mchoro, na dada yako amechora wake bila kuuona wako, hapo nakuruhusu picha. Lakini tafuta kwa lugha ya waliokitengeneza. Andika Mercator pamoja na Taschenmesser, ambalo ndilo neno la Kijerumani la kisu cha mfukoni, utaona vitu ambavyo utafutaji wako wa awali haukukuletea. Vya zamani vilitengenezwa na kampuni ya Heinrich Kaufmann, na leo Otter-Messer, hukohuko Solingen, wanaendelea kuvitengeneza kwa umbo lilelile. Ukikuta cha zamani kinauzwa, usiridhike na picha ya ubavuni. Mwombe muuzaji picha tatu: mgongo, kitako, na shina la ubapa pale linapoingia mpinini, maana mihuri mingi hugongwa hapo.

Muhuri utakusaidia kukadiria miaka. Jina la Solingen limelindwa kwa sheria nchini Ujerumani tangu mwaka 1938, kisu hakipewi jina hilo kama hakikutengenezwa huko. Ukiona maneno yanayotaja Ujerumani Magharibi, kisu ni cha kati ya mwaka 1949, nchi ilipogawanyika, na 1990, ilipoungana tena. Linganisha na maisha ya babu. Kama alikuwa nacho tangu ujana wake na ujana huo ulikwisha kabla ya 1949, cha maneno hayo si pacha wa chako hata kikifanana kwa kila kitu kingine. Na mtindo wenyewe umeigwa, kwa hiyo ukikuta mnyama yupo lakini muhuri hakuna, bati limekunjwa ovyo na ulimi unalegea, nenda taratibu.

Kuna dalili nyingine ndogo unayoweza kuwa unayo bila kujua. Ubapa ulikuwa na rangi gani? Ubapa wa chuma cha kaboni ukikata limau au tunda lolote chachu hugeuka kijivu, mara nyingine kwa mawimbi ya buluu, na ukiachwa na maji unashika kutu usiku mmoja. Chuma kisichoshika kutu hubaki king'aavu miaka nenda rudi. Kama unamkumbuka babu akiufuta kisu mara tu baada ya kukitumia, labda hata kwa upindo wa nguo, alikuwa na sababu.

Picha za familia nazo zipekue, ila usitafute kisu. Tafuta kamba inayotoka mfukoni, au mstari wa kitu kirefu kwenye kitambaa cha suruali. Kisu kilichobebwa siku zote huacha umbo lake kwenye nguo.

Hukuuliza kama chenyewe kinaweza kupatikana, lakini naona swali limejificha. Kama eneo lile bado lipo na unalijua kwa hatua chache, mwenye ardhi akiruhusu, mtu mwenye kitambuzi cha metali anaweza kujaribu. Mwambie mapema kwamba mnatafuta chuma. Watumiaji wengi hukipanga kifaa kipuuze chuma ili kisilie kwa kila msumari, na kikiwa hivyo kitapita juu ya kisu cha babu kikiwa kimya. Mkikipata, usikilazimishe kufunguka na usikisugue. Kifunge ndani ya kitambaa kikavu unitafute, au mtafute fundi yeyote anayeshughulika na chuma cha zamani.

Ukiamua kununua pacha wake, angalia kwanza sheria za unapoishi. Kisu chenye kufuli huhesabiwa tofauti na kisicho nacho katika nchi kadhaa. Uingereza, kwa mfano, kubeba hadharani bila sababu ya msingi kunaruhusiwa kwa kisu cha kukunja kisicho na kufuli, chenye ubapa usiozidi inchi tatu, na hiki kinashindwa masharti yote mawili. Kuwa nacho nyumbani ni jambo lingine. Na usikiweke kwenye mzigo wa mkononi ukisafiri kwa ndege, kitachukuliwa, utampoteza babu mara ya pili.

Umeandika kwamba alifariki bila wewe kumwambia. Nimeusoma mstari huo zaidi ya mara moja, na nina neno moja la fundi juu yake. Visu vinavyomjeruhi mtoto mara nyingi ni vile visivyo na kufuli: anachoma kitu kwa ncha, ubapa unarudi, unafunga juu ya vidole. Babu yako angeweza kukupa kisu chochote, au kukununulia kidogo kizuri chenye rangi. Alikupa kile kilichokuwa kinagoma kukunjika. Kidude kile ulichokikumbuka miaka yote hii ndicho kilichokuwa kikilinda vidole vyako, na mtu aliyekibonyeza kila siku ya maisha yake alilijua hilo vizuri.

Nitumie michoro miwili, wako na wa dada yako, kila mmoja kwenye karatasi yake. Na pembeni ya wako uandike jibu la lile swali: dole gumba lilikuwa linabonyeza wakati gani.